Julai si Kiangazi: Kula na Kuvaa Wikendi Kati ya Embu na Meru

Kila Julai steji za Embu na Meru hupokea wageni wanaotambulika kabla hawajafungua kinywa. Ni watoto wa nyumbani waliorudi kutoka London, Dallas au Stuttgart. Shule za huko zimefungwa, na masanduku yao yamejaa kaptula, vesti na sandali kwa kuwa walikotoka ni majira ya joto. Wanashuka garini, manyunyu yanawalaki, na saa sita mchana haijafika wameshaazima sweta ya mjomba. Sweta ya mjomba haina ubaya, ila picha zote za wikendi zitatoka ukiwa ndani yake.

Anayetaka kula vizuri na kupendeza huku asahau kalenda ya Ulaya, atazame mlima. Ikweta hukata barabara ya Embu kwenda Meru kati ya Nkubu na mji wa Meru, kwa hiyo jua la Julai halipishani sana na la Januari. Kinachobadilika ni upepo. Kusi, ule ule unaochafua bahari ya Lamu na Mombasa katikati ya mwaka, hupanda bara ukiwa na unyevu, ukagonga ubavu wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya na kutandaza wingu la kijivu juu ya Embu, Runyenjes na Chuka tangu Juni hadi Agosti. Katika kaunti ya Embu joto la Julai hushuka hadi nyuzi 12, na Machi likapanda hadi 30. Meru, iliyo upande wa kaskazini-mashariki, huepuka sehemu ya manyunyu hayo, lakini baridi ya jioni haiiepuki.

Basi unapofunga begi, amua kwanza utakula wapi: juu, katikati au chini. Juu ni kwenye mashamba ya chai, upande wa Rukuriri kwa Embu na upande wa Githongo kwa Meru. Katikati ni miji yenyewe, Embu ikiwa karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari na Meru karibu 1,600. Chini ni Mbeere, Tharaka na mteremko wa kwenda Isiolo. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi, na huku mwinuko huo unaweza kuumaliza kwa gari ndani ya saa moja au mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka Isiolo akipepea shati, akafika Meru akitafuta koti, na yote hayo ni Jumamosi moja.

Vazi linalofaa ni la kupunguza na kuongeza. Anza na tisheti ya pamba, juu yake shati la mikono mirefu lililoachwa wazi, kisha koti jepesi la jinzi au la kuzuia upepo. Sweta nzito ya sufu iache kwa ajili ya nyumbani. Jua likitoka saa saba hutakuwa na pa kuiweka ila kiunoni, tena sufu hushika moshi wa choma ukakaa siku kadhaa. Rangi pia ina akili yake: shati la bluu iliyoiva, kijani au kahawia halionyeshi tone la mafuta ya mbuzi. Nyeupe ni ya kanisani.

Kaptula ina wakati wake. Januari na Februari mjini ni sawa, na kule chini Mbeere ni sawa karibu mwaka mzima. Lakini kwa mwanamume mzima, kaptula huku bado ni vazi la uwanjani na la kuoshea gari. Hakuna hoteli itakayokufukuza, ila ukijua kwamba baba mkwe au mzee wa ukoo atapita mezani, vaa suruali ya khaki au jinzi isiyochanika. Jinzi za matundu magotini zinahesabiwa kuwa mtindo Nairobi. Hapa shosho atakuuliza kwa huruma ya kweli kama mambo ni magumu, na pengine atakupa elfu moja.

Viatu ndivyo vinavyowaumbua wengi. Udongo wa miteremko hii ni mwekundu na wa kunata, na mvua kidogo tu huugeuza rangi ya kupaka. Raba nyeupe zikirudi nyeupe, hukutembea. Chukua raba za rangi iliyokolea zenye soli ya kushika, au viatu vya ngozi vya kufunga kamba. Ukipakwa tope usikimbilie maji: liache likauke kabisa, lipige brashi, ndipo uoshe kwa sabuni na maji baridi. Ukilisugua likiwa bichi unalisukuma ndani ya kitambaa.

Kwa akina dada, dera la pwani linapendeza kwenye bustani ya hoteli, lakini utalichukia ukipanda bodaboda, kwa sababu kitambaa kingi na gurudumu la nyuma havipatani. Kama kuna pikipiki kwenye ratiba, vaa suruali. Na usitoke bila leso mkobani. Mama wa Kimeru na wa Kiembu hutembea nayo kila mahali, na ana sababu: itafunika kiti chenye maji, itamzuia mtoto baridi, itakuwa sketi ukialikwa ghafla kwenye ruracio ya jirani, maana Jumamosi za huku ndizo siku za kupeleka mahari, na itakuwa aproni mbavu zikifika. Soma jina lililoandikwa kabla ya kuinunua, hata hivyo. Leso nyingi hutoka pwani na mafumbo yake, na si kila fumbo ni la kumvalia mama mkwe.

Kama umefika na begi lisilofaa, dawa iko sokoni. Meru nenda Gakoromone. Embu pita soko la mjini. Nenda asubuhi, beli zinapofunguliwa, uulize kamera, yaani zile nguo za kwanza kuchaguliwa. Kufikia alasiri hubaki fagia. Koti zuri la mvua la mtumba hununuliwa kwa pesa kidogo kuliko mwavuli mpya wa dukani, na mwavuli kwenye pikipiki ni hatari kwa wote wawili.

Sasa nyama, maana wengi husafiri kwa ajili yake.

Mahali pazuri pa nyama choma huwa hapana pazia. Mbele kuna bucha yenye mizoga imening'inia, nyuma kuna jiko la makaa, pembeni meza na viti. Makutano, ule mtaa wa Meru, umejaa sehemu za namna hiyo. (Usiuchanganye na Makutano ya Mwea, panapochepuka barabara ya Embu ukitoka Nairobi, wapo waliompa rafiki miadi Makutano, kila mmoja akamsubiri mwenzake kwake.) Utaratibu hauandikwi ukutani, na mgeni akikaa mezani kungoja menyu anaweza kungoja sana. Unaanzia buchani, ukiwa umesimama.

Tazama muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye mzoga. Usipouona, uliza, ukijibiwa kwa mzaha, vuka barabara. Kisha uliza bei ya kilo, na papo hapo uulize kama kuchoma kumo ndani ya bei hiyo au kunalipiwa kando. Pale kunapolipiwa kando ndipo ugomvi wa mwisho wa chakula huzaliwa. Chagua sehemu kwa kidole: mbavu na mkono kwa kuchoma, kwa kuwa zina mafuta yanayoilinda nyama juu ya makaa, mguu kwa kukaanga, kwani ni mnofu mkavu na ukichomwa hugeuka kazi ya meno. "Kaka, nipimie mbavu na mkono, kilo mbili, shingo usiniwekee." Mwambie kwa tabasamu, na usimame pale mizani inapotulia.

Kilo ngapi? Nyama hupoteza robo ya uzito wake au hata thuluthi ikichomwa, na sehemu ya kinachobaki ni mfupa. Kilo moja mbichi hutosha watu wawili wenye njaa, au watatu wenye ugali na staha. Wageni huagiza kilo nyingi kwa kuona haya, kisha nusu inapoa kwenye ubao. Anza na chache. Bucha haihami.

Halafu ngoja. Mbuzi aliyechomwa vizuri huchukua karibu saa nzima, na anayekuletea baada ya dakika 20 amekuletea nyama iliyoungua nje na kubaki mbichi ndani, au iliyochomwa kwa ajili ya mtu mwingine. Muda huo ujaze kwa supu, kikombe kimoja tu, na kipande cha mutura ikiwa unamjua aliyeitengeneza. Mutura ni utumbo uliojazwa nyama na damu. Iwe imechomwa mbele yako na ndani pasionekane wekundu. Ugali uagize nyama ikibakiza robo saa, ufike wa moto. Kachumbari iombwe ikatwe sasa hivi. Ile iliyokaa bakulini tangu asubuhi utaijua kwa maji yake.

Kaa upande upepo unakotoka, moshi uende kwa wengine. Hilo litaokoa koti lako kuliko sabuni yoyote. Mchomaji akileta ubao na kisu mezani, mwache akate yeye, umwambie kama unapenda iliyokauka au yenye majimaji. Mikono huoshwa kwa jagi kabla na baada, na huoshwa kwa zamu kuanzia kwa mkubwa. Kipande cha kwanza hakichukuliwi na aliyelipa, huchukuliwa na mzee aliyepo. Chumvi iko pembeni ya ubao. Chovya, usinyunyize juu ya nyama yote, maana unakula na wengine. Mwisho ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Na mchomaji, aliyekaa jikoni saa nzima machozi yakimtoka, mpe chochote mkononi. Wikendi ijayo atakukumbuka kwa mbavu.

Usile nyama tu, lakini. Huku ni nchi ya mashamba, na asubuhi ndiyo huonyesha utajiri wake. Kiamshakinywa cha Jumamosi kitafute kwenye hoteli ndogo za karibu na soko: nduma, viazi vitamu, ndizi za kuchemsha na chai ya maziwa iliyochemka pamoja na majani. Kinashibisha, hakina mafuta, na kinakufikisha saa saba bila kuhangaika. Kahawa ni suala jingine, na linaniudhi. Miteremko ya Meru na Embu inatoa kahawa inayosifiwa dunia nzima, lakini katika hoteli nyingi ukiagiza kahawa unaletewa maji moto na unga wa kopo. Uliza kama wana ya kusagwa. Kadiri tutakavyoiuliza ndivyo wataanza kuinunua.

Mukimo uagize mchana, usiuagize usiku. Ni viazi, mahindi na majani ya malenge vilivyopondwa pamoja, pengine na njahi, na wapo wanaoweka ndizi mbichi. Mchanganyiko huo huchacha upesi ukikaa kwenye joto. Uliza umepondwa saa ngapi. Hoteli nzuri hujibu bila kuchukia. Ukiwa na kuku wa kienyeji wa mchuzi kando, hiki ndicho chakula cha siku ya wingu, na hapo ndipo mlo na koti la jinzi vinapopatana.

Siku ya jua fanya kinyume: teremka. Kutoka Embu shuka Kiritiri kuelekea mabwawa ya mto Tana, ambako Kamburu ilikamilika mwaka 1974 na Kiambere 1988, ukale perege wa kukaanga kwa ugali na sukuma. Hapo ndipo kaptula, kofia pana na sandali vinapata haki yao. Mbeere ni kavu, ina miiba na jua lisilo na aibu, kwa hiyo beba maji na usiache koti nyumbani, kwa sababu kurudi ni kupanda. Msimu wa maembe, Desemba hadi Machi hivi, yanunue barabarani hukohuko Mbeere au Tharaka, yakiwa bado magumu kidogo. Yataiva safarini.

Mwenye watoto wadogo atafute nyasi. Hoteli za zamani zenye bustani, kama Izaak Walton ya Embu, hazijawahi kusifiwa kwa haraka ya jikoni, lakini mtoto akikimbia majanini nawe ukiwa na birika la chai, haraka ya nini? Jina hilo ni la Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi mwaka 1653, na pengine subira ya mvuvi ndiyo inayotakiwa kwa wateja.

Jumapili ina saa zake. Makanisa hutoka kuanzia saa sita, na kati ya saa saba na saa tisa kila meza ina ukoo mzima uliovaa suti, vitambaa vya kichwa na viatu vinavyong'aa. Ukitaka kula kwa utulivu, fika kabla ya saa sita au baada ya saa tisa. Ukitaka kula nao, vaa kama wao. Tisheti na raba zilikuwa za jana. Shati la kola na viatu safi vinatosha, kitenge kinatosha zaidi.

Kuhusu bia, sheria ya mwaka 2010, ambayo Wakenya bado wanaiita ya Mututho, inaruhusu baa kuuza kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu, na saa kumi na moja jioni siku nyingine, hadi saa tano usiku. Usimgombeze mhudumu anayekataa kukuuzia saa tano asubuhi.

Miraa nayo ina adabu. Igembe na Tigania huko Meru ndiyo nyumbani kwake, na Mbeere wana muguka. Anayetafuna hasikii njaa, kwa hiyo kula kwanza, vinginevyo utatazama mbavu za bei ghali kama picha. Hoteli za familia hazipendi kutafuna mezani, na ukimwona mtafunaji ameketi nje na karanga na chingamu yake ya Big-G, hapo ndipo pake. Ewe unayerudi London, usitie hata kifurushi kimoja begini kwa ajili ya rafiki: Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014.

Chakula kikuu cha wikendi kiwe cha mchana, hasa kama una barabara mbele yako. Kati ya Embu na Meru njia hupinda na kushuka kwenye bonde baada ya bonde, na daraja la Nithi, baada ya Chuka ukielekea Meru, limeua watu wengi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya abiria 30 wakafa. Wakati wa kusi, ukungu hushuka mapema. Saa kumi uwe umelipa na kuondoka. Aliyekunywa akae kiti cha abiria, na dereva wa matatu anayekimbiza gari kwenye mteremko huo aambiwe na gari zima, si na mtu mmoja mwoga wa nyuma.

Nyama iliyobaki ni yako, umeilipia, omba ufungiwe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na karatasi ya kaki hulowa mafuta kabla hujafika steji, kwa hiyo beba mkebe wenye kifuniko ndani ya kiondo, mbali na lile koti la jinzi. Asubuhi mifupa ya mbavu itie sufuriani na kitunguu, nyanya na maji, ichemke hadi mnofu uachane na mfupa, kisha uile na nduma zilizobaki za Jumamosi.